Heller ya 1916 yenye kutu ya kijani: siki itafaa?

Mdau Kirumba: Wakuu, nina heller 20, sarafu ya shaba ya enzi za Wajerumani, iliyopigwa Tabora, 1916. Ina tabaka gumu la kijani, na pembeni mwa taji kuna madoa ya kijani mpauko yanayomeguka kama unga. Niloweke kwenye siki dakika ngapi?

Nyegezi: Hata moja, mkuu. Siki na limau hula shaba yenyewe. Sarafu hutoka na rangi ya waridi na thamani inaporomoka. Tabaka gumu liache, ni kinga yake. Ugonjwa ni huo unga: una kloridi (kemikali iliyomo pia kwenye chumvi), na kwa unyevu wa huku ziwani utazidi kuitoboa.

Toa mafuta kwa asetoni safi, saa 1, ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto. Kwangua unga kwa kijiti cha meno. Kisha lita 1 ya maji, gramu 25 za sodiamu kaboneti na 20 za sodiamu baikaboneti. Loweka, badilisha maji hayo kila wiki, kwa miezi kadhaa. Ikianza kuwa nyeusi, itoe.

Igoma: Magadi ya sokoni usiweke badala ya hizo kaboneti! Ni jamii hiyohiyo, lakini yana chumvi ya kawaida, yaani kloridi ileile. Maji nunua ya betri, yale safi, SIYO asidi. Suuza, kausha kabisa, hifadhi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.

Mdau Kirumba: Nimeelewa. Siki naiacha, natafuta asetoni.