Kulaza gari juu ya remorki (trela) njiani, Joburg mpaka L'shi (Lubumbashi)

Mdogo wa Ruashi:

Jambo yenu wote. Niko Johannesburg, mwezi ujao napanda L'shi na Hilux nikivuta remorki, juu ya remorki kuna RAV4 ya mama. Njia naijua, Beitbridge, Harare, Chirundu, Lusaka, Kapiri, Ndola, Kasumbalesa. Kinachonisumbua ni usiku. Peke yangu siwezi kukata kilomita zaidi ya 2,000 bila kulala, na sitaki kuamka nikute remorki imeshaenda bila mimi. RAV4 iko na alamu na imobilaiza, na GPS nataka kununua. Inatosha ao? Wenye walishapita musaidie.

Yaya wa Kamalondo:

Mdogo, imobilaiza ya RAV4 sahau kabisa. Ile inamzuia mtu kuwasha mota, na gari iliyo juu ya remorki nani anahitaji kuiwasha? Umeshaipakia, umeshaifunga mikanda, kazi yote umemmalizia mwizi. Yeye anakuja na pikapu yenye mpira wa chuma nyuma, ule wa milimita 50 ambao kule kusini karibu kila gari inayovuta iko nao, anainua kichwa cha remorki kutoka kwako anakiweka kwake, anachomeka waya wa taa kama ni mtu wa adabu, anaenda. Alamu italia, sawa, italia ikiwa inatembea barabarani.

Kwa hiyo usifikirie RAV4, fikiria remorki. Kichwa cha remorki kinapokaa juu ya ule mpira kuna mkono wa kufungulia, na pale juu ya mkono kuna tundu la kupitisha kufuli. Wengi wanaweka hapo pini ya kawaida, ile ya kuvuta kwa kidole. Toa hiyo, weka kufuli ya chuma nene yenye shingo fupi ambayo mkasi wa kukatia vyuma haupati pa kushika. Halafu nunua sabo, ile chuma ya njano polisi wa parkingi wanafungia tairi ya mtu aliyekosa kulipa, funga tairi moja ya remorki, ile ya upande wa ukuta ambako mwizi hana nafasi ya kupiga magoti na kufanya kazi. Na asubuhi uikumbuke kabla ya kukanyaga mafuta maana itakung'olea madigadi.

Watu watakuambia uachanishe remorki na Hilux usiku. Mimi nakataa. Remorki peke yake hata watu wanne wanaisukuma. Iache imeungwa, lakini sasa ujue kwamba mwenye kuiba Hilux anaondoka na vyote viwili, na Hilux kule ndiyo gari wezi wanaitafuta kuliko hiyo RAV4 ya mama. Kwa hiyo usukani uwe na chuma ya kufunga, na fundi akuwekee swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta, mahali ambapo wewe tu unajua. Hiyo swichi ni bei ya chakula cha jioni, na inafanya kazi kuliko vitu vingi vya bei.

Kuparki sasa, na hapa ndipo watu wanazembea kwa sababu wamefika wamechoka na wanataka tu kitanda. Usiparki umenyooka ukielekea geti. Rudi nyuma mpaka nyuma ya remorki ibakie nusu mita na ukuta. Sababu ni rampa, zile mbao za chuma za kushushia gari. Zina karibu mita mbili, kama nyuma hakuna nafasi haziwezi kulala chini, na bila rampa RAV4 haishuki. Halafu kata usukani Hilux ipinde, yeye na remorki wafanye kona. Mtu wa kuja na pikapu yake kuunga hapo mbele atahangaika, atasogeza huku, atasogeza kule, na kuhangaika gizani kwenye parkingi yenye watu ndicho kitu mwizi hataki. Ukiweza, omba dereva wa lori aparki mbele yako, malori yanatoka saa kumi na moja alfajiri na wewe utakuwa umeshaamka.

GPS nunua lakini ujue kazi yake ni kukuambia gari imefika wapi, haizuii kitu. Iwe na betri yake yenyewe, kadi yake ya simu ishike Zimbabwe na Zambia, ijaribu kabla ya kuvuka. Weka moja ndani ya gari na nyingine chini ya remorki maana mara nyingi remorki inatupwa porini gari inaendelea. Vile vidude vidogo vya bluetooth vinavyotegemea simu za watu wanaopita, ndani ya Lusaka vinafanya kazi vizuri, kati ya Chirundu na Kafue mule kwenye milima ni nani atapita na simu?

Mama wa Katuba:

Yaya amesema yote ya chuma, mimi naongeza ya ndani. Sisi watu wa L'shi gari ya remorki tunaigeuza valizi. Televisheni, magodoro, viatu vya watoto wa dada, sufuria, mpaka dirisha la nyuma halionekani. Mwizi wa gari nzima anahitaji vifaa, mwizi wa televisheni anahitaji jiwe tu. Na kwa dwani (forodha) pia utapata shida, unatangaza gari wanakuta duka. Kama lazima ubebe, panga chini ya usawa wa dirisha na ufunike kwa kitambaa cheusi. Turubai juu ya gari nzima mimi sipendi, upepo unaipiga inakwangua rangi halafu kila mtu anauliza kuna nini pale chini.

Tena angalia vitu vidogo. Kule njiani gari nzima inaibwa mara chache, vipande ndiyo kila siku: taa za nyuma, vioo, tairi ya akiba, betri, na ile kompyuta ya mota iliyo chini ya boneti. Tairi ya akiba ingiza ndani. Boneti ya RAV4 haifunguki bila kufungua mlango kwanza, kwa hiyo funga milango na ufunguo ulale na wewe, usiuache ndani ati remorki imefungwa. Na unapofunga Hilux kwa rimoti, shika mlango kwa mkono uhakikishe. Afrika Kusini wanakaa kwenye parkingi na kimashine kinachozuia rimoti, unabonyeza, unaenda kula, mlango haukufunga.

Picha za safari kwenye status tuma ukifika. Tafadhali.

Kaka wa Kampemba:

Mimi ninalala ndani ya Hilux, sina shida na kufuli zenu hizo, nani atagusa remorki na mimi niko ndani?

Yaya wa Kamalondo:

Mwenye bunduki atagusa, na wewe atakugusa. Kaka nakuheshimu, lakini gari ni gari tu. Kama unalala ndani, iwe kwenye parkingi ya malori yenye ukuta na geti, katikati ya malori, si pembeni ya barabara wala kwenye stesheni ya mafuta inayofunga saa nne. Mtu akija na silaha unatoa ufunguo, mikono ionekane, huzungumzi ya swichi ya siri.

Na mdogo, Beitbridge inafanya kazi saa 24, hiyo njo inadanganya watu wanatoka Joburg jioni ili wavuke usiku wakati hakuna foleni. Ile N1 kati ya Pretoria na Polokwane usiku kuna watu wanatega vyuma vya kutoboa tairi, unasimama kubadilisha, wanatoka majanini. Na remorki ikitoboka huwezi kukimbilia mbele kwa rimu kama gari ya kawaida. Toka saa kumi alfajiri. Ukimulikwa taa za bluu mahali pa giza, washa hazadi, punguza mwendo, simama kwenye stesheni yenye mwanga na watu. Kama wengine wanakuambia upite Botswana kwa daraja la Kazungula, njia ni nzuri, linapitika tangu 2021, lakini Yellow Card ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvuka mipaka, Botswana haimo.

Papa wa Kenya (hapa L'shi, si kule Nairobi):

Sentineli, yaani mlinzi wa usiku. Usimpe pesa yote jioni. Mpe nusu akiona jua linazama, nusu akikuonyesha gari asubuhi, na mwambie mbele ya bosi wa lodge. Kuanzia Kapiri ukipanda mpaka Chililabombwe Kibemba chetu kinatosha, "mulishani mukwai" na stori kidogo, mtu uliyezungumza naye anaangalia gari kwa macho mengine. Chagua chumba ambacho dirisha linaangalia remorki hata kama kina kelele.

Asubuhi kabla ya kunywa chai zunguka. Kufuli ina mikwaruzo? Mikanda bado imekaza ao mtu ameilegeza akakatizwa? Nati za tairi zishike kwa spana. Waya wa taa, pini, kicheni cha usalama. Nusu ya kazi ya mwizi inaweza kukumaliza kilomita hamsini mbele.

Mdogo wa Ruashi:

Aksanti sana wakubwa. Swali la mwisho, hiyo Yellow Card inalipa wizi?

Dada deklaran (wakala wa forodha):

Hailipi. Inalipia madhara utakayomfanyia mwingine barabarani, wizi ni bima ya peke yake, na hiyo umuulize mtu wa bima wa Joburg kwa maandishi kama inavuka Limpopo, nyingi zina sharti la traka (hiyo GPS) na sharti la mahali pa kulala.

Lakini kuna kitu hamjakisema. RAV4 ikipita Zimbabwe na Zambia ni transiti, imeandikwa imeingia, lazima iandikwe imetoka. Ikiibwa Lusaka, forodha inaona gari iliyoingia na haikutoka, na ushuru unadaiwa kwa mwenye bondi, yaani aliyeweka dhamana ya ushuru, naye atakutafuta wewe. Umeibiwa na bado unadaiwa. Kwa hiyo picha ya namba ya shasi, ya kadi ya gari, ya klirensi ya polisi wa Afrika Kusini, ya karatasi za transiti, zote ziwe kwenye simu na kwa mtu mwingine nyumbani, orijino ziwe kwenye begi unalolala nalo. Ikitokea, polisi wa karibu saa ile ile, upate namba ya kesi kwenye karatasi yenye muhuri, uombe wapeleke namba ya shasi kwa Interpol.

Na Kasumbalesa usipange kufika jioni. Ratiba ya pale haina mwenyewe, Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka siku kadhaa na watu wakalala kwenye foleni na mizigo yao. Lala Chingola ndani ya ukuta, ufike mpakani asubuhi, zile kilomita karibu 100 za kuingia L'shi uzikate mchana. Nitumie namba ya shasi sasa nianze dosye, si ukifika Chililabombwe.