Katuni ya dakika saba: nyimbo za wahusika, ala pekee, au kimya?

Mchoraji58 (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Habari zenu wadau. Sisi ni watu wanne tunaofanya kazi kwenye chumba kimoja hapa Buruburu, na baada ya mwaka na nusu michoro ya katuni yetu inakaribia kwisha. Ni ya dakika saba. Pendo, msichana wa miaka tisa, anatumwa peke yake kwa mara ya kwanza: ampelekee baba chupa ya chai kazini kwake, soko la Burma. Anapanda matatu ya 58, anaduwazwa na taa na picha zilizochorwa ndani ya gari, steji ya City Stadium inampita na anajikuta mjini. Anarudi kwa miguu, chupa kifuani. Maneno yanayosemwa katika filamu nzima hayajazi ukurasa.

Kinachotugawanya ni muziki. Kuna njia tatu mezani. Mmoja wetu anataka Pendo na mama yake waimbe, nyimbo mbili. Wa pili anataka ala pekee chini ya picha, mwanzo hadi mwisho. Mimi nimekuwa nikivutia upande wa tatu: tusiweke muziki wowote isipokuwa ule unaotoka kwenye spika za matatu, kisha zibaki sauti za barabara.

Pesa tulizotenga kwa muziki ni shilingi 60,000. Naomba mnilinganishie, hasa ninyi mliowahi kukaa na watazamaji ukumbini mkawaangalia nyuso.

MamaWawili_Umoja (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Nyimbo, tena za Kiswahili. Mwanangu wa miaka mitano akimaliza kutazama Ubongo Kids ya wenzetu wa Dar es Salaam, hadithi anaweza kuisahau, lakini wimbo anakwenda nao hadi bafuni, na hesabu iliyomo anaijua. Katuni za Kiingereza anaziimba pia, ila anaimba sauti tu, maneno hayajui. Nikimuuliza ameimba nini, ananitazama. Ninyi mna nafasi ya kumpa mtoto wa Nairobi wimbo anaouelewa kila neno. Msiiache.

Mwalimu_wa_Kwaya (Jumatatu, saa 4:20 usiku)

Mchoraji, nimesoma ujumbe wako mara mbili na kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Umesema michoro inakaribia kwisha. Wimbo wa mhusika hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji ndiye anayeufuata: mdomo, pumzi, bega linavyopanda kabla ya sauti ya juu. Ukija na wimbo baada ya picha, utalazimika kuchora upya nyuso zote mbili. Je, mna miezi hiyo?

Tena wimbo wa mhusika hauji peke yake, unakuja na mabadiliko ya hadithi. Frozen ya 2013 inajulikana kwa hilo. Elsa, malkia wa hadithi hiyo, alikuwa amekusudiwa kuwa adui, lakini watunzi Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez walipoleta wimbo wake mkubwa, waandishi wakasikia ndani yake mtu mwenye hofu anayetafuta uhuru, wakaandika upya hadithi. Huo ndio uzito wa kumpa mhusika wimbo. Anapoimba, safari inasimama na moyo unafunguka. Pendo wako ana haraka, chai inapoa. Sidhani ana nafasi ya kusimama aimbe.

Lakini sikubali kwamba kwa sababu hiyo usiwe na wimbo kabisa. Tazama kilichofanyika kwenye Coco ya 2017. Wimbo ule ule mmoja unasikika kwanza jukwaani kwa mbwembwe, magitaa na tarumbeta, mtu anajionyesha. Baadaye unasikika taratibu, gitaa moja, baba akimwimbia bintiye mdogo kabla ya safari. Maneno ni yale yale, sauti ni zile zile. Mara ya kwanza ulikuwa umekaa kwenye kiti chako unapiga makofi, mara ya pili koo limekukaza. Mwishoni mtoto anapomwimbia bibi mzee, hakuna anayehitaji kuelezwa lolote, kwa sababu wimbo umeshabeba kila kitu.

Kwa hiyo ningekushauri utafute kiwimbo kimoja kifupi kisicho na maneno, sauti (noti) tano au sita, cha mama. Aimbe mdomo umefumbwa huku anafunga chupa. Hapo hakuna mdomo wa kuchora.

FundiSauti_Ngara (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Mwalimu amesema vizuri. Mimi natetea kimya, kwa kuwa kimya hakina wakili.

Filamu ya Hayao Miyazaki ya 1986, Laputa: Castle in the Sky, ina urefu wa saa mbili na dakika chache, na muziki wake wa awali haukuzidi sana saa moja. Muda uliobaki ni upepo, mashine, nyayo. Miaka ya 1990 ilipoandaliwa kwa Kiingereza kwa soko la Marekani, mtunzi Joe Hisaishi alirudi akaandika muziki mwingi zaidi kujaza sehemu zilizokuwa wazi. Picha ni zile zile, na mtu anaweza kukaa akatazama zote mbili. Nimefanya hivyo. Kwenye ile yenye muziki mwingi najua kila dakika ninachotakiwa kuhisi. Kwenye ile ya awali nasikia urefu wa anga, na hofu inakuja yenyewe bila kuitwa.

Muziki ukiwa haunyamazi, sikio huuzoea kama linavyozoea jenereta ya jirani. Ukinyamaza ndipo mtu anagundua ulikuwepo. Kwenye katuni jambo hili ni zito kuliko filamu ya watu, kwa sababu katuni haina sauti yake ya asili. Hakuna kipaza sauti kilichokuwepo barabarani Pendo alipotembea. Kila nyayo, kila honi, ninyi ndio mtaiweka kwa mkono. Ala zikifunika vyote hivyo, mtaa wenu wa kuchora utabaki karatasi.

Kibodi_Kayole (Jumanne, saa 7:30 mchana)

Nami nitetee ala kabla hazijazikwa.

Picha ya filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika unatoa pigo moja kila fremu 12 kamili. Mchoraji akijua hilo, mguu wa Pendo unatua juu ya pigo na mwili wa mtazamaji unaitika kabla akili haijajua. Sanaa hii ni ya zamani, tangu Mickey Mouse apige mluzi kwenye Steamboat Willie mwaka 1928, hadi wanamuziki wakauita mtindo wa kufuata kila hatua kwa jina la huyo panya. Scott Bradley alifanya hivyo miaka mingi kwenye Tom na Jerry, na ndiyo sababu mtoto wa Kayole, wa Kisumu na wa Tokyo wanacheka mahali pale pale bila neno kusemwa.

Na kama mnadhani ala ni za kuchekesha tu, tazameni mwanzo wa Up ya 2009. Ndoa nzima, tangu harusi hadi kifo, kwa dakika chache bila mazungumzo. Michael Giacchino ametumia mdundo mmoja wa mapigo matatu matatu. Unaanza kwa furaha ya densi, unapungua mwendo, ala zinaondoka moja moja, unamalizia kwenye piano. Alipata Oscar kwa muziki wa filamu hiyo. Angetumia kimya, tungeona matukio tu. Kwa muziki tuliona miaka.

Mwalimu_wa_Kwaya (Jumanne, saa 8:10 mchana)

Kibodi, kwa Up nakuunga mkono kabisa. Ila mtindo wa kufuata kila hatua uogope kwenye sehemu ya huzuni. Pendo akijikwaa Jogoo Road na filimbi ikashuka pamoja na mguu wake, ukumbi utacheka. Ala ikiiga mwili inaufanya mwili kuwa mchezo. Mtoto aliyepotea asichekwe.

NyatitiMjini (Jumanne, saa 12:45 jioni)

Niulize kitu ambacho hakijaulizwa: ala zipi? Kwa shilingi 60,000 hamtapata okestra. Mtapata violini za kompyuta, na sikio la mtazamaji linazitambua upesi hata kama hajui jina la kile kinachomkera.

Napiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa gara, njuga za chuma, mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu, anaigonga kwenye ubao wa ala. Kwa hiyo mtu mmoja aliyeketi ana wimbo, ana mdundo, ana mlio wa chuma unaotembea. Hiyo ni hatua ya mtoto barabarani bila kumwigiza. Orutu, fidla yetu, nisingewapa kwa sehemu hii, ingawa naipenda mno. Uzi wake mmoja unalia kama mtu, na utamlilia Pendo kabla hajalia mwenyewe.

Msiogope pia kwamba watazamaji wa makabila mengine hawataielewa. The Lion King ya 1994 inaanza na sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini akiita kwa Kizulu jua linapochomoza. Nilikuwa mdogo, tumejazana kwenye kibanda cha video Kawangware, hakuna aliyeelewa neno hata moja, na kelele zote zilikatika. Tulikuja kuelewa maneno ya Kiswahili baadaye kwenye filamu, lakini kilichotukalisha chini ni ule mwito.

Haki_za_Nyimbo (Jumanne, saa 2:00 usiku)

Angalizo moja. Mkitaka wimbo unaovuma sasa uchezwe ndani ya matatu yenu ya kuchorwa, kuna haki mbili za kuomba: ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Leseni ya kupiga muziki hadharani ni kitu kingine, haiwaruhusu kuuweka wimbo kwenye filamu. Mtungiwe wenu, na mkubaliane kwa maandishi.

Mchoraji58 (Jumapili, saa 11:20 jioni)

Asanteni nyote. Badala ya kuendelea kubishana tulifanya jaribio jana. Tuliazima ukumbi wa kanisa karibu nasi, tukaweka projekta na spika mbili, tukaita watoto 24 wa mtaani. Tuliwagawa makundi matatu ya wanane, kila kundi likaona toleo moja, mimi nikakaa pembeni ya skrini nikiwatazama wao.

Toleo la ala mwanzo hadi mwisho, la kibodi. Walitulia vizuri, lakini matatu ilipoanza kukaribia steji, muziki ukageuka mzito, na wawili wakapaza sauti, "Anapotea!" Pendo bado anatabasamu dirishani. Walijua kabla yake. Kuanzia hapo walikuwa wanamwangalia kutoka nje, wanamngoja agundue.

Toleo la kimya. Ndani ya gari muziki ni mkubwa, taa zinawaka. Mlango unafunguka, Pendo anashuka, gari linaondoka na muziki wake. Zinabaki honi za mbali na nyayo. Msichana mmoja safu ya mbele alikuwa ameweka chupa yake ya maji sakafuni. Aliinama polepole bila kuondoa macho kwenye skrini, akaiokota, akaikumbatia kifuani, mikono miwili, jinsi Pendo alivyoshika chai. Alikaa hivyo hadi mwisho. FundiSauti, nilikukumbuka.

Lakini matembezi ya kurudi ni sekunde 50, na kufikia katikati kundi hilo lilianza kuchoka. Miguu ilichezacheza, mmoja akauliza kama imekwama. Kimya kilichowabana pale steji hakikuweza kuwatembeza hadi Burma.

Toleo la tatu lilikuwa la mama. Mmoja wetu alimrekodi mama yake mzazi jikoni kwa simu, akiimba mdomo umefumbwa, sauti sita. Tuliweka anapofunga chupa kwa leso, tukarudisha kwenye matembezi. Hapo mvulana mmoja alianza kuuvumisha naye, chini chini, na jirani yake hakumnyamazisha. Kosa letu ni kwamba tuliurudisha mapema mno, mara tu aliposhuka. Ile hofu ya kushuka haikupata nafasi.

Kwa hiyo tumeamua hivi: mama jikoni, matatu kwa sauti kubwa, kisha sekunde 14 bila kitu. Pendo akishageuka na kuanza kutembea ndipo nyatiti ianze zile sauti sita za mama.

Kibodi_Kayole (Jumapili, saa 12:05 jioni)

Nimekubali kuhusu ile sehemu ya steji, kibodi ilisema siri isiyokuwa yake. Basi nipeni matatu. Nitawatungia mangoma ya mapigo 120, taa zenu ziwake kila fremu 12, na haki zitakuwa za filamu. Muziki huo ukiwashika watoto barabara, watapitwa na steji pamoja naye.

FundiSauti_Ngara (Jumapili, saa 12:30 jioni)

Muziki wa gari usiukate kama kwa kisu. Uondoke na gari: besi ibaki sekunde mbili tatu baada ya sauti za juu kupotea, kama inavyokuwa barabarani.

MamaWawili_Umoja (Jumapili, saa 1:10 usiku)

Bado nataka maneno. Huyo mvulana aliyevumisha akifika nyumbani atamwimbia nani nini? Majina ya waliotengeneza yakipita mwishoni, mama aufungue mdomo, aimbe ule ule kwa Kiswahili. Mistari minne inatosha.

Mchoraji58 (Jumapili, saa 1:25 usiku)

Dada, hilo hatukuliwaza. Majina yana sekunde 40. Tutajaribu.

NyatitiMjini (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Mchoraji, msimpeleke mama studio arudie. Nitumieni ile ile ya jikoni, na sufuria zake nyuma. Niambie anaanzia sauti ipi nikaze nyuzi kumfuata.

Mchoraji58 (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Anaanzia chini kidogo ya sol ya kibodi, na kila akirudia anashuka zaidi. Nimekutumia. Ukumbi tunao Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, kwaya inaingia saa 5.