Mtoto alikuwa na dripu mkononi, ripoti inasema kapata 41 ya Fizikia

Wakuu, nina hasira.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kata. Agosti alilazwa siku nne kwa malaria, karatasi za hospitali ninazo. Ndani ya siku hizo wenzake walifanya jaribio la Fizikia. Juzi ripoti imekuja: Fizikia, jaribio la pili, 41. Nani alikaa kwenye dawati lake?

Nikaenda shuleni. Mwalimu akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, nafasi haiwezi kubaki wazi, nikamwekea wastani wake."

Jamani, hizi alama za maendeleo, za majaribio na kazi za shuleni, si mapambo. Kidato cha nne zinabeba 30 kati ya 100, mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) unabeba 70. Ziliwekwa ili mtoto asihukumiwe kwa karatasi ya saa tatu peke yake. Sasa tunazipika?

Usiku ule nikafungua madaftari yake yote. Wino mwekundu: "Seen", sahihi, tarehe. "Seen" tena. Kwenye Hisabati, kila akihamisha namba upande wa pili wa mlinganyo anasahau kubadili alama. Kosa hilohilo, tangu Februari mpaka Septemba, na kila mara kapigwa mkasi tu. Hakuna aliyemwandikia hata "angalia alama". Mjomba wake, fundi umeme, kamwelekeza kwa dakika kumi, akaelewa. Miezi saba mtoto anaamini hana akili ya hesabu!

Kazi mradi ya Jiografia ndiyo iliyoniuma zaidi. Imetolewa Alhamisi, ikusanywe Jumatatu. Steshenari ya karibu na shule ilikuwa nazo tayari zimeandikwa, elfu tatu nakala. Wangu alikataa kununua, akashinda sokoni siku mbili akiuliza wauza mboga bidhaa zao zinatoka wapi. Kapata 7. Walionunua, 8.

Halafu matokeo yanabandikwa ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho, wakati NECTA yenyewe iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora tangu Januari 2023.

Najua darasa lina watoto 93 na mwalimu ni mmoja. Simdai aandike barua kwenye kila daftari. Lakini watoto hawawezi kubadilishana madaftari wakasahihishana, mwalimu akipitia ubaoni lile swali lililowashinda wengi? Hawezi kutoa maswali matatu mwisho wa kipindi, yasiyo na maksi, ajue tu nani kaachwa njiani? Mtaala wa umahiri, wa kuangalia mtoto anaweza kufanya nini, tunao tangu 2005, ila mtoto bado anapimwa kwa namba bila kuambiwa kakosea wapi.

Jumatatu naenda kwa mwalimu wa taaluma na karatasi za hospitali. Nataka 41 ifutwe, binti apewe lile jaribio alifanye mwenyewe, hata akipata 15.

Walimu mliomo humu, nijibuni kabla sijaenda: mtoto akiwa mgonjwa, mnaandika nini kwenye ile nafasi?