Kiti cha daktari kwenye jumuiya ya upandikizaji: kura huru au kiti cha kanda?

Mleta mada, Nyegezi

Wakuu, heshima kwenu. Kuna hoja imetugawa madaktari hapa Mwanza, naileta hadharani maana anayeumia ni mgonjwa.

Jumuiya ya kimataifa ya upandikizaji, The Transplantation Society, ipo tangu 1966, na ndani yake kuna kitengo cha wanaoshughulikia maambukizi kwa watu waliowekewa figo, ini na viungo vingine. Vyombo vya aina hii ndivyo vinavyotusukia miongozo: nani apimwe nini kabla ya upasuaji, apewe kinga gani, kwa muda gani. Je, madaktari wa kutuwakilisha humo wapatikane kwa kura huru ya wanachama wote, au kila kanda itengewe kiti?

Mimi nasema kitengwe. Tena apewe daktari anayemwona mgonjwa kliniki miaka yote baada ya upasuaji, hata kama hospitali yake haijawahi kupandikiza. Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Figo inawekwa Dar au Dodoma, lakini kikohozi kinamkuta mtu Igoma.

Chukua kifua kikuu. Mgonjwa anameza takrolimasi ili mwili usiikatae figo. Ukimwanzishia rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ini linachochewa kuivunja takrolimasi haraka, kiwango kwenye damu kinaporomoka, na figo inaanza kukataliwa huku kifua kikipona. Ukipandisha dozi ya takrolimasi, sharti upime kiwango mara kwa mara. Majibu yakichelewa unakuwa unabahatisha. Mwongozo utakwambia tumia rifabutini, ndugu yake rifampisini asiyelichochea ini sana. Haya, zunguka mjini uitafute. Mwenye kuandika mstari ule hajawahi kuzunguka.

Mdau, Capri Point

Mkuu, hivyo ni viti maalum vya madaktari. Chama cha kitaalamu si Bunge. Mtu anapimwa kwa kazi yake. Ukiingia kwa sababu ya ramani, wenzako watakuona abiria tangu kikao cha kwanza.

Halafu "kanda" ni ipi? Ukiipa Afrika kiti kimoja, watakibeba Afrika Kusini au Misri, sisi wa Kanda ya Ziwa tubaki kupiga makofi. Angalia Cape Town. Mwaka 2008 walianza kuwawekea wagonjwa wenye VVU figo za marehemu wenye VVU, jambo ambalo dunia ilikuwa inaliogopa. Hawakusubiri kutengewa kiti. Walitoa matokeo, na Marekani ikalegeza 2013 sheria yake iliyokataza viungo vya wenye VVU.

Mleta mada, Nyegezi

Cape Town unanisaidia mimi, mkuu. Walithubutu kwa sababu wagonjwa waliokuwa mbele yao, wenye VVU na figo zilizokufa, walikuwa wakinyimwa hata nafasi ya kusafishwa damu. Swali lilitoka wodini kwao, asingeliuliza mtu wa Boston.

Letu sisi lipo ziwani. Mtoto wa Ukerewe anaoga ziwani kabla hajajua kusoma, na kichocho cha tumbo hakimshtui mtu huku. Ukienda bara kwenye majaruba ya mpunga unakutana na kile cha mkojo, kinachoacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo, palepale mpasuaji anapotaka kushonea mrija wa figo mpya. Mtoaji naye huwa ni ndugu wa damu, kaoga maji yaleyale. Madaktari wa Mansoura, mji wa Misri, ndio walioandika kwa kina kwamba mtu aliyeugua kichocho anaweza kupandikizwa, ila atibiwe kwanza. Wakikibeba wao hicho kiti cha Afrika sinuni, mradi wanakijua kichocho.

Mfamasia, Buzuruga

Mnagombania kiti cha daktari, na aliyemzuia mgonjwa asichanganye hizo dawa mbili, ya figo na ya kifua kikuu, ni nani? Naishia hapo, nisionekane nina wivu.

Mdau, Sengerema

Nyie mnaongelea kura kana kwamba hamjui nchi hii. Wajumbe si watu! Anayepiga kura ni aliyelipa ada, na ada ni ya dola. Vyama vingi huwapunguzia wa nchi maskini, sawa, lakini ni madaktari wangapi huku wanaojua hilo? Kiti mtatengewa, mpiga kura hamna.

Mleta mada, Nyegezi

Sengerema umenigusa penyewe. Nilipofika na hoja hii kijiweni, wengi waliokuwa wanabisha kwa sauti hawakuwa wanachama wa chochote nje ya chama chetu cha madaktari. Kiti bila wapiga kura ni uteuzi tu, na uteuzi tunaujua unavyokwenda.

Mfanyabiashara, Mwaloni

Madaktari wangu, shikamooni. Mimi nauza dagaa Mwaloni, haya ya kura siyajui. Kaka yangu ana figo ya dada yetu mkubwa. Kaambiwa asiingie ziwani, asile vibichi, akae mbali na vumbi. Yeye ni mvuvi. Amekaa nyumbani anaangalia wenzake wakianua dagaa. Huyo mwakilishi wenu atamsemea nini?

Mleta mada, Nyegezi

Marahaba, ndugu yangu. Atamsemea hivi: "asiingie majini" ni sharti jepesi kwa mtu wa ofisini, kwa mvuvi ni kufukuzwa kazi, basi mwongozo useme pia apimwe kila baada ya muda gani na atibiwe vipi akirudi kazini. Capri Point, mgombea wako mwenye machapisho mengi akiniahidi hilo nampa kura yangu.

Kwa sasa, ukienda naye kliniki muulize daktari wake kama kaka na dada yenu wote wawili walipimwa kichocho na kupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kabla ya upasuaji. Na jambo la ziwani lisemwe hapohapo, asijiamulie. Dawa za figo asiache hata siku moja, na akikohoa asiende duka la dawa, arudi kliniki.