Re: Dola 24 kwa saa, au 32 kwa saa za kitabu?

Kutoka: fundi, Columbus

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni fundi magari, kazi nimejifunzia Gerezani, kule Dar es Salaam, sasa niko Ohio, Marekani. Nina ofa mbili. Gereji ya mtaani inatoa dola 24 kwa saa, kazi iwepo isiwepo. Dila mmoja, yaani muuza magari mwenye gereji yake, anasema 32, ila kwa saa za kitabu, na meneja kaniambia kuna vijana pale wanaandikiwa saa 60 kwa wiki. Mke wangu ameshazidisha 32 mara 60. Naombeni ushauri kabla sijasaini.

Kutoka: fundi, Houston

Marahaba mdogo wangu. Meneja huenda hajakudanganya, ila kakuonyesha fundi anayemfaa yeye. Muulize fundi wake wa mwisho anaandikiwa saa ngapi.

Hapo hulipwi muda uliokaa kazini, unalipwa muda ambao kitabu cha makadirio kimeipangia kazi. Pampu ya maji ikipangiwa saa 3 ukaimaliza kwa 2, unaandikiwa 3. Ikikuchukua 5, ni hizohizo 3. Na wewe uko Ohio, wanakomwaga chumvi barabarani msimu wa theluji. Utakuta nati imevimba kwa kutu, spana inateleza, unaipasha moto kwa gesi, ukiikaza mkono kichwa cha boliti kinakatika, sasa unaanza kutoboa kwa drili. Kitabu kiliandikwa kwa gari safi.

Piga hesabu. 24 mara 40 ni 960. Kuzifikia hizo kwa 32 lazima uandikiwe saa 30. Wiki ya saa 22 unaondoka na 704, na ulikuwa pale tangu asubuhi ukisubiri vipuri. Sheria ya shirikisho inachodai ni kwamba mshahara ukigawanywa kwa saa ulizofanya kazi usishuke chini ya 7.25, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 2009. Majimbo mengine yana chao cha juu zaidi, Ohio ikiwemo, lakini bado bosi anaweza kukulipa vibaya sana bila kuvunja sheria.

Halafu ovataimu. Sheria hiyohiyo inawaondoa mafundi wa madila kwenye malipo ya moja na nusu baada ya saa 40. Gereji ya mtaani isiyouza magari, inayokulipa kwa saa, haina kichaka hicho. Kuanzia saa ya 41, hiyo 24 yako inakuwa 36.

Mimi mwenyewe nalipwa kwa kitabu na breki zinanilisha vizuri. Tatizo ni gari lenye ugonjwa wa umeme: unazunguka nalo nusu siku, unaandikiwa saa moja. Mfumo huu unamlipa mbadilisha vipuri kuliko mtafuta ugonjwa, na wewe mtoto wa Gerezani najua kazi yako ni ipi.

Kutoka: dada wa mapokezi, Minneapolis

Kaka zangu, mimi napokea wateja kwa dila. Ongeza maswali mawili. Kazi za waranti ni nyingi kiasi gani? Muda wake unapangwa na kiwanda, na mara nyingi ni mfupi kuliko wa mteja anayelipa mwenyewe, kwa kazi ileile. La pili, nani anagawa kazi? Nilikoanzia mimi, brekipedi zilikwenda kwa marafiki wa mgawaji, mgeni akapewa waya zilizotafunwa na panya.

Omba saa za uhakika, yaani utakazolipwa hata kazi isipokuwepo, na ziandikwe. Na nisijifanye mtakatifu, mimi pia nipo kwenye kamisheni. Ndiyo inayofanya bibi wa watu aje kubadilisha oili, atoke na filta tatu.

Kutoka: fundi, Sacramento

Kwetu California ni tofauti kidogo. Anayelipwa kwa kila kazi, si kwa saa, lazima alipwe kando muda wa mapumziko na wa kusubiri, na anayetakiwa kuja na spana zake halipwi chini ya mara mbili ya kima cha chini. Kwa hiyo ofa ya huku usiilinganishe na ya Ohio kwa namba tupu.

Mdogo wangu, lile lori linalouza spana kwa mkopo likipita gerejini, usikope sanduku la maelfu ya dola wiki ya kwanza. Na uliza nani analipia mitihani ya ASE, ile ya vyeti vya ufundi magari, na kila cheti kinaongeza shilingi ngapi kwenye saa yako.

Kutoka: fundi, Columbus

Asanteni sana. Nimempigia dila: saa za uhakika zipo, ila siku 90 tu, baada ya hapo "itategemea". Gereji ya mtaani wamekubali kunilipia mtihani wa breki na wa umeme. Naanza huko Jumatatu. Mwenye sanduku la spana lililotumika, maeneo ya Columbus, anitafute pembeni.