Naomba ushauri: picha za mashua hazitokei kwenye posti

Asalaam aleykum ndugu zanguni. Mimi natembeza wageni kwa mashua hapa Lamu, Shela na Manda, na picha zangu zote nimeziweka mtandaoni kwa akaunti ya kuhifadhia mafaili maana simu imejaa na kuaplodi upya kila siku ni kumaliza bando bure. Sasa nikibandika linki kwenye posti picha haitoki, ni kiboksi cha kijivu na maherufi marefu, mgeni gani atabonyeza hiyo? Ruhusa nimeshafungua, yeyote mwenye linki aone, na kwangu yafunguka vizuri, lakini kaka yangu yuko Matondoni akibonyeza inampeleka kwa ukurasa wenye kitufe cha kudaunlodi. Moja nikaipeleka sehemu nyingine, linki yake yaishia na .jpg, hiyo ilitoka! ila nimeibadilisha kule na posti bado yaonyesha ile ya zamani, tanga limeraruka, aibu tupu.

Sasa nauliza, lazima linki iwe ya faili lenyewe la picha ndio itokee? Na hii ya zamani naiondoaje, nifute posti nianze upya ama kuna njia? Ahsanteni.