Familia ya Kiborloni: mambo ya Mama

Kaka Elia: Shikamooni wakubwa. Kliniki wamesema Mama ana dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hatua ya mwanzo. Atie saini hati ya uwakilishi ili shamba lisimamiwe na mtu mmoja hadi mwisho?

Dada Neema: Haifiki mwisho. Kisheria uwakilishi huo unakoma aliyeutoa akipoteza akili timamu. Baada ya hapo ni mahakamani. Wosia ndio wa haraka. Wa kimila wa maandishi, kwa kuwa anajua kusoma, unataka mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mrithi asishuhudie. Ombeni na barua ya daktari ya siku hiyohiyo kwamba anaelewa anachosaini, maana ndipo wosia hupingwa. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanautunza.

Shangazi Anna: Mtu yu hai mnamwandikia wosia! Uchuro huo.

Dada Neema: Shikamoo shangazi. Kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakuna wa kubisha. Tusilolijua ni kama Mama atataka mpira wa kulishia.

Wifi Upendo: Mpira wa kulishia puani ndio hugombanisha ndugu wodini usiku. Ugonjwa ukikomaa kumeza kunashindikana, lakini mpira haurefushi maisha, wala hauzuii nimonia: mate na yanayopanda toka tumboni huingia mapafuni vilevile. Tena wagonjwa huung'oa, wakaishia kufungwa mikono. Afadhali kijiko. Mtori usagwe, uchujwe nyuzi zote za nyama, udondoke polepole kijikoni. Maji matupu ndiyo hupalia upesi. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, nusu kijiko cha chai. Tazama koo lipande na kushuka ndipo uongeze. Asilazwe kabla ya nusu saa.

Kaka Elia: Na Mama mwenyewe tunamwulizaje, shemeji?

Wifi Upendo: Asubuhi baada ya chai, redio imezimwa. Jioni huchanganyikiwa. Swali moja moja, fupi: "Ukishindwa kumeza, uwekwe mpira?" Siku nyingine lirudieni kwa maneno mengine. Jibu likiwa lilelile liandikeni alivyolitamka, hata kwa Kichaga. Kisha: moyo ukisimama ashindiliwe kifua? Nimonia ikirudi tena na tena, wodini au nyumbani na tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso? Kuna morfini ya kunywa kwa maumivu, asiogopeshwe. Nakala moja kwenye faili la kliniki. Ya kabatini daktari wa zamu haioni.

Shangazi Anna: Nyie wanawe atawaficha. Mimi wifi yake ataniambia. Nitumieni nauli, nipande Jumamosi.